Namna Chipu za FM Zinavyotoa Muziki, na Njia ya Kuipiga Rast kwa Namba

Mwongozo huu ni wa wapiga kinanda na mafundi wa Unguja na Pemba wanaotaka kujua nini hasa kinachofanyika ndani ya chipu za sauti zilizokuwemo katika kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanaotaka kuifanya chipu ya namna hiyo itoe sauti kwa mikono yao wenyewe, bila ya kupitia programu ya muziki ya mtu mwengine. Safari nzima inaelekea mahali pamoja: noti ya tatu ya Rast, mojawapo ya maqamu (mipangilio ya noti) ya taarab, ile inayokaa baina ya Mi flati na Mi, ambayo mpiga fidla wa taarab huipata kwa kidole, na ambayo kinanda cha kawaida hakina kitufe chake. Inasemwa mara nyingi kuwa ala za kielektroniki za zamani zimefungwa katika noti 12 za piano. Kwa chipu za FM, yaani zinazotoa sauti kwa kulifanya wimbi moja ligeuze masafa (kasi ya mtetemo) ya jengine, dai hilo halina msingi, kwa sababu chipu haijui Do wala Re. Inajua namba tu, na waliozifunga namba hizo katika noti 12 ni waandishi wa programu.

Chipu nitakayoitumia ni YM3812 ya Yamaha, maarufu kwa jina la OPL2. Ndiyo iliyokuwemo katika kadi ya AdLib ya mwaka 1987 na baadaye katika Sound Blaster ya mwaka 1989, na ni nyepesi kuieleza kwa kuwa kila sauti yake hutengenezwa na opereta mbili tu, yaani vikokotoo viwili vya wimbi. Njia yenyewe ya FM aliigundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1967, alipokuwa akiongeza kasi na ukubwa wa mtetemo wa noti mpaka sikio likaacha kuusikia kama mtetemo na badala yake likasikia sauti ya sura nyengine kabisa. Yamaha walinunua haki ya kuitumia, na mwaka 1983 wakatoa kinanda cha DX7 chenye opereta sita kwa kila sauti. Chipu za kompyuta ni ndugu wadogo wa kinanda hicho.

Hatua ya kwanza: tayarisha mashine

Mwenye kompyuta ya zamani iliyo na kadi ya AdLib au Sound Blaster anaweza kuitumia hiyo hiyo, lakini kadi hizo huchomekwa katika nafasi ya ISA ambayo kompyuta za sasa hazina, na hewa yetu ya chumvi haizionei huruma. Kabla ya kuichomeka, sugua meno ya kadi taratibu kwa raba ya kufutia penseli, kisha yapanguse kwa spiriti na uyaache yakauke vizuri.

Asiye na kadi hakosi kitu. Programu ya DOSBox, inayopatikana bure, huiga kompyuta ya zamani pamoja na chipu yake ya sauti, nayo hufanya kazi kwenye laptopu ya kawaida. Tafuta pia programu ndogo ya DEBUG ya FreeDOS, iweke katika folda uliyoipa jina la fm kwenye diski ya C, kisha ndani ya DOSBox andika:

mount c c:\fm
c:
debug

Kikitokea kistari kidogo mwanzoni mwa mstari, DEBUG inasubiri amri. Amri tutakayoitumia ni herufi o, ambayo hupeleka baiti moja katika mlango wa mashine. Chipu ina milango miwili: 388 hupokea namba ya rejista (kisanduku cha kuwekea namba ndani ya chipu), na 389 hupokea thamani inayoingia katika rejista hiyo. Kwa hiyo kuiandikia rejista 20 thamani ya 21 ni mistari miwili:

o 388 20
o 389 21

Namba zote katika DEBUG ni za mfumo wa 16, wenye tarakimu 0 hadi 9 na A hadi F. Chipu halisi huhitaji kupumzishwa mikrosekunde 3.3 baada ya kupewa namba ya rejista, na mikrosekunde 23 baada ya kupewa thamani. Anayepiga chapa kwa vidole haimhusu.

Hatua ya pili: ielewe opereta moja

Opereta ni kikokotoo kidogo chenye sehemu tatu, na anayeifahamu moja amezifahamu zote 18 zilizomo ndani ya OPL2.

Sehemu ya kwanza ni kaunta inayoonyesha tumefika wapi ndani ya mzunguko mmoja wa wimbi. Mara 49,716 katika kila sekunde kaunta huongezewa namba fulani, na ikijaa huanza upya. Namba ikiwa kubwa kaunta hujaa upesi na sauti huwa nyembamba. Ikiwa ndogo sauti huwa nzito. Hiyo 49,716 haikuchaguliwa kwa uzuri wake. Saa ya chipu hupiga mara 3,579,545 kwa sekunde, na kila opereta hupewa mapigo manne ya kufanyia kazi yake; opereta 18 mara mapigo manne ni 72, na saa ikigawanywa kwa 72 jawabu huwa hilo. Mtambo wa hesabu ndani ya chipu ni mmoja, na opereta zote hupanga foleni kwake.

Sehemu ya pili ni jedwali la wimbi la sine. Kaunta inauliza, "Nikiwa hapa, wimbi liko kimo gani?" na jedwali linajibu. Jedwali lina namba 256 tu, nazo ni za robo ya wimbi, kwa kuwa robo tatu zilizobaki ni robo hiyo hiyo iliyogeuzwa upande au iliyopinduliwa chini juu. Lililo la werevu zaidi ni kuwa namba hizo si vimo vyenyewe bali logi (logarithm) za vimo. Kuzidisha kunahitaji saketi kubwa na ya gharama, na opereta haina budi kuzidisha wimbi kwa ukubwa wa sauti katika kila hatua. Lakini ukishaingia katika logi, kuzidisha kunageuka kuwa kujumlisha, na saketi ya kujumlisha ni ndogo. Mwisho wa hesabu jedwali la pili, nalo lenye namba 256, hurudisha jawabu kutoka logi hadi kimo halisi. Kwa maoni yangu jambo hili ndilo lililoifanya chipu iwe rahisi kiasi cha kuingia katika kompyuta ya nyumbani, kuliko hata FM yenyewe.

Sehemu ya tatu ni envelopu, yaani mwendo wa ukubwa wa sauti tangu noti inapoanza mpaka inapokufa. Ina vipindi vinne: kupanda, kushuka, kukaa, na kufifia baada ya noti kuachiwa.

Hatua ya tatu: unganisha opereta mbili

Opereta moja peke yake hutoa mlio mtupu kama wa filimbi ya majaribio. Katika OPL2 opereta mbili huunganishwa ziwe sauti moja: ya kwanza ni mgeuzaji, ya pili ni mbebaji. Spika husikia mbebaji tu. Kimo cha wimbi la mgeuzaji hujumlishwa katika kaunta ya mbebaji kabla ya mbebaji kulisoma jedwali lake, kwa hivyo mbebaji hulisoma jedwali akisukumwa mbele na kurudishwa nyuma mamia ya mara kwa sekunde, na wimbi linalotoka huwa limekunjwa.

Mkunjo huo una hesabu yake. Mbebaji akiwa na Hezi 440 na mgeuzaji akiwa na Hezi 880, huzaliwa masafa ya pembeni kwa kujumlisha na kutoa 880 mara moja, mara mbili, mara tatu na kuendelea. Juu tunapata 1,320, 2,200 na 3,080. Chini tunapata 440 kutoa 880, yaani hasi 440, na masafa yaliyo chini ya sifuri hurudi juu kana kwamba yamegonga ukuta, ila wimbi lake limepinduka. Kwa hiyo hapa tunabaki na mara ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba ya 440, hesabu za witri tupu, na sikio husikia sauti yenye uwazi kama wa klarineti. Mbebaji na mgeuzaji wakilingana, mara zote hupatikana na sauti hujaa. Mgeuzaji akiwa mara tatu na nusu ya mbebaji, yaani 1,540 kwa 440, hutokea 1,100 na 1,980, ambazo si mara kamili za 440, na hapo ndipo sauti za kengele na shaba iliyogongwa zinapotoka.

Uwiano huamua ni masafa yapi yatazaliwa. Nguvu ya mgeuzaji huamua ni mangapi kati yake yatasikika.

Hatua ya nne: piga noti ya kwanza

Tutatumia chaneli ya kwanza. Katika orodha hii namba ya kushoto ni rejista, inayopelekwa 388, na ya kulia ni thamani, inayopelekwa 389:

20 21
40 3F
60 F0
80 07
23 21
43 00
63 F0
83 07
C0 00
A0 44
B0 32

Ukiandika mstari wa mwisho utasikia La ya Hezi 440, nayo itaendelea mpaka uiandikie B0 thamani ya 12.

Rejista 20, 40, 60 na 80 ni za mgeuzaji wa chaneli ya kwanza. 23, 43, 63 na 83 ni za mbebaji wake. Katika 20, tarakimu ya kulia ni kizidisho cha masafa, na 2 ya kushoto inaiambia envelopu ikae bila kushuka maadamu noti imeshikiliwa. Katika 40 huwekwa kiasi cha kupunguza sauti: 00 ni sauti kamili, 3F ni kimya kinachokaribia kabisa, na kila namba moja hupunguza desibeli 0.75. Watu wengi hukwama hapa, kwa kuwa mkono umezoea kwamba namba kubwa ni sauti kubwa. Katika 60 tarakimu ya kushoto ni kasi ya kupanda na ya kulia ni kasi ya kushuka, F ikiwa ndiyo kasi kubwa kuliko zote. Katika 80 ya kushoto ni kiwango cha kukaa, ambapo 0 ndicho cha juu, na ya kulia ni kasi ya kufifia.

Hatua ya tano: mfungulie mgeuzaji

Noti ikiwa bado inalia, iandikie rejista 40 thamani ya 28, kisha 20, kisha 18, kisha 10, ukisikiliza kila mara. Mlio mtupu utaanza kupata mwili, kisha ukali, kisha mkwaruzo. Noti yenyewe haikupanda wala kushuka hata kidogo. Kilichobadilika ni wingi wa masafa ya pembeni. Irudishe 40 kuwa 20, halafu iandikie rejista 20 thamani ya 22 ili mgeuzaji awe mara mbili ya mbebaji, na ule uwazi wa klarineti utajitokeza. Jaribu 23, 24 na 25 pia.

Upo ufunguo mwengine katika C0, nao ni mrejesho: mgeuzaji hulishwa wimbi lake mwenyewe. Thamani 00 huuzima, 02 huuwasha kidogo, na 0E huufikisha mwisho. Mrejesho wa katikati hukaribia mlio wa msumeno unaofaa kuanzia fidla na akodioni. Ule wa mwisho huelekea kelele, na kelele fupi ni mali ya mpiga ngoma.

Hatua ya sita: tengeneza sauti ya kuchuna

Uzi uliochunwa hung'aa mwanzoni kisha hutulia, yaani masafa yake ya juu hufa kabla ya ya chini. Kwa FM hilo hupatikana kwa kumfanya mgeuzaji ashuke upesi kuliko mbebaji. Andika:

20 03
40 18
60 F7
80 F7
23 01
43 00
63 F5
83 F5
C0 06

Safari hii 2 ya kushoto imeondoka katika 20 na 23, kwa hiyo noti haikai. Inakufa yenyewe hata kama hukuiachia. Ili kuichuna tena, iandikie B0 thamani ya 12 kisha 32.

Sitasema kuwa hii ni kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab. Kanuni ina nyuzi tatu kwa kila noti, na uzuri wake unatokana na nyuzi hizo kutolingana kikamilifu. Unaweza kusogea karibu zaidi kwa kuifanya chaneli ya pili ipige noti ile ile: mgeuzaji wake yuko katika 21, 41, 61 na 81, mbebaji wake katika 24, 44, 64 na 84, na rejista zake za noti ni A1, B1 na C1. Nakili thamani zote, ila katika A1 weka namba moja zaidi ya ile iliyo katika A0, yaani 45 badala ya 44. Chaneli zote mbili zikilia pamoja, sauti hupata mawimbi ya polepole yanayoipa uhai. Chaneli ziko tisa, hivyo una nafasi ya kutosha.

Nai, yaani filimbi ya mwanzi, ni kinyume chake: kasi ya kupanda ya mbebaji iwe ndogo, kama 6, na mgeuzaji apunguzwe sana.

Hatua ya saba: ipate Rast

Rejista A0 na B0 kwa pamoja hubeba vitu vitatu: namba ya noti yenye biti 10, yaani kuanzia 0 hadi 1023, namba ya oktava, kuanzia 0 hadi 7, na swichi ya kuwasha noti. Masafa hupatikana kwa kuizidisha namba ya noti kwa 49,716 na kugawa kwa 2 iliyopandishwa kwenye kipeo cha 20 kutoa oktava. Ukitaka namba kutokana na masafa, geuza hesabu: kwa oktava ya 4 zidisha Hezi kwa 1.3182, na kwa oktava ya 3 zidisha kwa 2.6364. La ya 440 mara 1.3182 ni 580, ambayo katika mfumo wa 16 ni 244. Ndiyo maana tuliandika 44 katika A0. Mbili iliyobaki iliingia B0, pamoja na 20 ya kuwasha na 10 ya oktava ya 4, ikawa 32.

Chagua kila mara oktava ndogo kuliko zote inayoifanya namba ibaki chini ya 1024. Sababu ni usahihi. Noti hiyo hiyo inaweza kuandikwa 422 katika oktava ya 4 au 844 katika oktava ya 3, lakini kuongeza moja juu ya 422 huisogeza noti kwa karibu senti 4 za muziki, ambazo 100 kati yake hufanya nusu toni, ilhali juu ya 844 huisogeza kwa karibu 2.

Sasa iandikie B0 thamani ya 2F na uisikilize thamani hii katika A0: 34. Hiyo ni Mi flati, namba 820. Mi ya kinanda ni 65, namba 869. Baina yao iko 4C, namba 844, nayo ndiyo Mi inayotafutwa, robo toni chini ya Mi ya kinanda. Rejista moja tu imebadilika. Kwa sauti ya kuchuna, kumbuka kuizima na kuiwasha B0 kila unapobadilisha. Kwa sauti inayokaa utasikia noti ikiruka papo hapo.

Rast nzima kutoka Do, thamani ya kwanza ikiwa ya A0 na ya pili ya B0, ni hii:

Do: B2, 2E
Re: 06, 2F
Mi ya katikati: 4C, 2F
Fa: 99, 2F
Sol: 05, 32
La: 44, 32
Si ya katikati: 78, 32
Do ya juu: B2, 32

Namba hizi zinaiweka robo toni katikati kabisa, kama hesabu inavyotaka. Wapigaji hawaiweki hapo kila siku. Wengine huipandisha kidogo, na katika wimbo mmoja inaweza kupanda inapoelekea Fa na kushuka inaporudi Re. Zisikilize fidla za Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, kisha isogeze 4C hadi 4E au 4F mpaka sikio liridhike. Mwenye mpiga fidla jirani ampe kazi hiyo, kwani jirani huyo ni kipimo bora kuliko fomula yangu.

Kwa chipu nyengine

YM2151, iliyokuwemo katika kompyuta ya Sharp X68000 ya mwaka 1987, ina opereta nne kwa kila sauti, na kwayo robo toni ni rahisi zaidi: ina rejista inayoigawa kila nusu toni mara 64, hivyo unachagua noti iliyo chini na kuongeza 32. YM2413 ya kompyuta za MSX ina namba ya noti yenye biti 9 tu, kwa hiyo hatua zake ni pana zaidi, na ala zake 15 zimeshawekwa kiwandani. Zaidi ya hizo ni moja tu unayoweza kuiunda mwenyewe. YMF262, yaani OPL3, huzikubali amri zote zilizomo humu bila mabadiliko.

Ukichoka kupiga chapa, ziandike amri za o za ala yako katika faili, tuseme kanuni.txt, zifuatane kama ulivyozipiga, na mstari wa mwisho uwe herufi q peke yake, kwa sababu bila ya hiyo DEBUG itakwama ikisubiri amri ambayo haiji. Kisha andika:

debug < kanuni.txt

Thamani zitabaki ndani ya chipu hata baada ya DEBUG kufungwa, na ukiifungua tena utaanza moja kwa moja na A0 na B0. Kwa sababu hiyo hiyo, noti uliyoiacha ikiwa imewashwa katika sauti inayokaa haitanyamaza kwa kuitoka programu. Iandikie B0 thamani ya 12 kwanza, ndipo utoke.